Daktari au fundi umeme: piga hesabu hivi kabla hujachagua

Kila matokeo ya form four yakitoka wadogo zangu wa mtaani wananiuliza, kaka, si kweli fundi anapiga hela kuliko daktari? Mimi ni fundi umeme, dada yangu ni daktari, na hesabu zetu tunaonyeshana, so nawapa tunavyozipiga.

Kwanza usilinganishe bei ya kazi na mshahara, hapo ndo wengi wanapotea. Unasikia fundi kalipwa 800,000 kwa wiring ya nyumba moja unasema huyu katoboa. Haya, kazi siku 10, saidia fundi wawili kila mmoja 20,000 kwa siku, 400,000 imeshaondoka, nauli na kula 60,000, unabaki na 340,000, drili ikiungua ni yako na bado hatujahesabu wiki ulizokaa bila simu ya kazi. Andika kwenye daftari kila shilingi inayoingia na kutoka miezi 6 mfululizo, kisha gawa kwa miezi yote 6, hata ile mikavu.

Kwa daktari usiangalie namba ya juu. Tuseme ameajiriwa serikalini kwa mshahara wa msingi 1,500,000: PSSSF (mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma) 5% ni 75,000, bima ya afya 3% ni 45,000, Bodi ya Mikopo, kama alisoma kwa mkopo, 15% ni 225,000, kodi 250,000 na kitu, mkononi inabaki kama 900,000. Ila hapa someni taratibu jamani, mwajiri anamwekea 15% nyingine PSSSF na akiumwa mshahara unaingia. Mimi nilidondoka kwenye ngazi nikakaa wiki 6 sina hata mia, dada ndo alilisha wanangu. Kwa hiyo ukiwa fundi jiunge NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) kwa hiari, toa huo mchango kwenye hesabu yako kwanza, ndo ulinganishe.

Miaka nayo ina bei. Kutoka form four daktari anapita 2 ya advansi, 5 ya chuo na 1 ya intern, jumla 8, fundi anaweza kumaliza VETA (chuo cha ufundi) mapema zaidi ila anaanza kama saidia fundi.

Halafu hela inayobaki igawe kwa masaa ya kazi, maana zamu za usiku za dada yangu zinanitia huruma kweli.

Leseni ya fundi umeme ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji) usiisahau kabisa. Bila leseni, mteja akitaka umeme wa TANESCO mchoro wako wa wiring unaupeleka kwa mwenye leseni akugongee muhuri na unamlipa, mimi nimelipa hivyo miaka na roho inaniuma.

Kabla mzazi hajalipa ada, omba wiki moja saiti ukachimbe kuta za kupitishia mabomba ya waya, halafu mtafute daktari anayetoka zamu asubuhi umuulize alilala saa ngapi, uandike na hayo kwenye daftari.