Kuwasha ESXi kwa flashi bila kuja kulia baadaye

Hizi seva za mitumba, ProLiant za HP na PowerEdge za Dell, nyingi ukifungua kifuniko unakuta tundu la USB huko ndani kwenye mazabodi. Watu wanajiuliza la nini, lile ndo la kuchomekea flashi yenye haipavaiza, yaani programu kama ESXi ya VMware inayoendesha mashine pepe (kompyuta kadhaa za kiprogramu ndani ya seva moja), ili diski zote zibaki kwa ajili ya hizo mashine tu. Mimi nimekaa hivi miaka, imeshanizingua mara moja, na kosa lilikuwa langu, nitasema chini.

Flashi kwanza. ESXi 6.7 inakaa hata kwenye flashi ndogo ila 7 ina tamaa, weka ya GB 32 na iwe ya maana, sio zile za bure za semina. Nunua mbili zinazofanana, ya pili utaona kazi yake.

Flashi ya tatu yoyote iandikie ISO (faili la kuinstolia ESXi) kwa programu ya Rufus, hiyo ni ya kuinstolia tu. Chomeka hiyo na moja ya zile mbili, washa seva, kwenye ProLiant bonyeza F11 uchague USB. Ikifika kwenye kuchagua diski TULIA, diski yenye alama ya nyota ina VMFS, yaani ina data zako, ukiigusa hiyo umejimaliza. Mimi huwa nazivuta nje nusu inchi hivi diski za RAID (zile diski za data zilizounganishwa pamoja) kabla sijaanza, ushamba lakini nalala usingizi. Chagua ile flashi ya GB 32, weka paswedi ya root, F11, subiri. Ikimaliza chomoa ile ya kuinstolia, ingia bayosi uweke USB iwe ya kwanza kuwaka.

Sasa hapa ndo penyewe. ESXi ikishawaka inajipakia kwenye RAM, kwa hiyo flashi haina kazi nyingi, shida ni vile vitu vinavyoandika na kusoma muda wote. Kuanzia 7 mpangilio wa patisheni ulibadilika, flashi inasumbuliwa zaidi na inakufa haraka, hata VMware wenyewe toka 7.0 U3 walisema flashi peke yake siyo ya kutegemea. Kwa hiyo logi (rekodi za matukio ya seva) zihamishe, tengeneza folda kwenye datastoo (sehemu ya diski zinakokaa mashine pepe) halafu ingia seva kwa SSH, yaani kwa kuandika amri ukiwa kompyuta nyingine:

esxcli system syslog config set --logdir=/vmfs/volumes/datastore1/logi
esxcli system syslog reload

Usipofanya hivyo logi zinaweza kuishia kwenye RAM, umeme ukikatika zimeenda, na siku unayozihitaji ndo siku umeme umekatika. Kwenye mipangilio ya juu tafuta ScratchConfig.ConfiguredScratchLocation (mahali pa faili za muda) nayo uielekeze kwenye datastoo, hii inataka kuwasha upya. Na kama uko 7.0 U3:

esxcli system settings advanced set -o /UserVars/ToolsRamdisk -i 1

hiyo inahamishia VMware Tools kwenye RAM, flashi inapumua.

Bakapu ya mipangilio ya ESXi:

vim-cmd hostsvc/firmware/sync_config
vim-cmd hostsvc/firmware/backup_config

Itakupa linki yenye nyota pale panapotakiwa jina la seva, futa nyota weka IP, dauniloudi hapo hapo maana faili halikai. Andika pembeni toleo na namba ya bildi, kurudisha inataka bildi ile ile.

Mimi hii hatua niliiruka. Flashi ikafa kimya kimya, mashine zote zinadunda kama kawaida, sikujua kitu mpaka nilipoiwasha upya seva ikaniambia haina pa kuwakia. Data zilikuwa salama kwenye RAID, niliinstoli upya nikaanza kusajili mashine moja moja kwa faili lake la mipangilio, .vmx, ila netiweki yote, VLAN na nini, nilipanga kwa kukumbuka mpaka alfajiri.

Ile flashi ya pili sasa: zima seva, chomoa ya kwanza, instoli bildi ile ile kwenye pacha, rudisha bakapu, hakikisha inawaka, kisha irudishe ya kwanza na pacha uibandike kwa selotepu ndani ya kifuniko cha seva.