Vifuko vya seli na inflamesheni ya tumbo: jinsi ya kupima uhusiano wao maabara

Seli za utando wa tumbo zikiambukizwa bakteria aitwaye Helicobacter pylori hutoa vifuko vidogo mno, vingi vya nanomita 30 hadi 150, vyenye protini na RNA. Seli za kinga zikivipokea, zinaweza kuanza kumwaga kemikali za inflamesheni (mwitikio wa kinga unaoleta uvimbe). Shida ni kwamba bakteria naye hutoa vifuko vyake, vya ukubwa unaokaribiana na huo, vikiwa na sumu ya VacA. Swali gumu la jaribio hili ni hilo: ni vya nani?

Hatua ya 1. Safisha seramu kwanza. Seramu ya ng'ombe imejaa vifuko vya ng'ombe. Izungushe kwenye mashine ya kuzungusha kwa 100,000 g (g ni nguvu ya mvutano wa dunia) usiku kucha, uchukue maji ya juu tu.

Hatua ya 2. Andaa chupa tatu: seli za AGS (seli za saratani ya tumbo zinazokuzwa maabara) zenye bakteria, seli pekee, na bakteria pekee kwenye midia (kimiminika cha kukuzia) ile ile. Hiyo ya tatu usiiache kamwe. Mimi niliwahi kuiacha, nikafurahia IL-8 (moja ya kemikali za inflamesheni) iliyopanda sana, kisha nikalazimika kutupa kazi ya wiki kadhaa kwa sababu sikuweza kusema imetoka wapi. Usimwage gentamaisini, dawa ya kuua bakteria, mwishoni ukidhani umemaliza tatizo: bakteria wanaokufa huacha vipande vyao humo humo.

Hatua ya 3. Baada ya saa 24, zungusha kwa nyuzi 4: 300 g dakika 10, 2,000 g dakika 20, 10,000 g dakika 30. Kila mara tupa mashapo, bakiza maji. Chuja kwa kichujio cha mikromita 0.22, kisha 100,000 g dakika 70. Sasa mashapo ndiyo mali. Yaoshe kwa PBS (maji ya chumvi yenye bafa), uzungushe tena.

Hatua ya 4. Hakiki kwa western blot, kipimo cha kutambua protini. CD63 na TSG101 (protini za vifuko) zionekane, kalneksini (protini ya ndani ya seli) isionekane. Pima pia ureasi na VacA, protini za bakteria. Zikitokea, pitisha sampuli kwenye tabaka za kimiminika zenye msongamano tofauti, ili kuvitenganisha vifuko, kabla ya kuendelea.

Hatua ya 5. Wape makrofaji (seli za kinga) wa THP-1, aina inayokuzwa maabara, idadi sawa ya vifuko kutoka kila chupa. Hesabu chembe zenyewe, maana kipimo cha protini hudanganywa na uchafu. Kundi moja lipewe maji ya mwosho wa mwisho, ili ujue kama IL-8 ya seli za AGS imesafiri nayo.

Hatua ya 6. Kesho yake pima IL-6 (kemikali nyingine ya inflamesheni) na IL-8 kwa ELISA, kipimo cha kingamwili. Chupa ya kwanza ikizidi zile nyingine mbili, rudia ukiwa umeziwekea seli za AGS GW4869, dawa inayopunguza utoaji wa vifuko. Vifuko vikipungua, na kemikali hizo zikashuka pamoja navyo, una ushahidi wa kuendelea nao.