Jinsi ya Kuufuata Umeme kutoka Nguzoni hadi Nyumbani

Simama mbali kidogo na nguzo, mahali unapoiona yote, kisha uanze kuitazama kutoka juu kushuka chini, kwa kuwa nyaya zenye msongo mkubwa (msongo ni nguvu inayousukuma umeme, hupimwa kwa volti) hufungwa juu kabisa, zenye msongo mdogo hufuata, na za simu, kama zipo, hukaa chini zaidi.

Zile za juu mara nyingi hubeba volti 11,000 au 33,000 kutoka kituo cha kupoza umeme. Msongo huwa mkubwa kiasi hicho kwa sababu ukiuongeza mara mbili, mkondo, yaani kiasi cha umeme unaopita kwenye waya, unaohitajika kusafirisha nguvu ileile hupungua kwa nusu, na umeme unaopotea njiani kama joto hubaki robo. Tazama vikombe vya kaure au kioo vinavyoshika waya: vina mikunjo inayofanana na sahani zilizofunikwa moja juu ya nyingine, na upande wa chini wa kila mkunjo hubaki mkavu hata mvua inaponyesha, hivyo umeme haupati njia ya kutambaa hadi kwenye nguzo. Waya wenyewe kwa kawaida hauna ganda lolote. Ndege hutua juu yake akasalimika kwa sababu hagusi kitu kingine. Mtu aliyesimama ardhini akiugusa kwa bomba au ngazi ya chuma, umeme hupita mwilini mwake.

Zifuate nyaya hizo mpaka ufike kwenye transfoma, lile tangi la chuma lenye mafuta ambalo ukitulia utasikia linavuma. Ndani yake msongo hushushwa, katika nchi nyingi hadi volti 400 kati ya njia na njia (njia ni waya unaoleta umeme), na takriban 230 kati ya njia na nyutro, yaani waya unaourudisha.

Kuanzia hapo, hesabu nyaya. Zikiwa nne, tatu ni za njia na moja ni nyutro. Nyumba ya kawaida huchukua njia moja na nyutro, zikaingia kwenye mita, kisha swichi kuu. Ndiyo maana kwako huweza kuwa giza huku kwa jirani kunawaka: yeye yuko njia nyingine. Ukikuta waya umeanguka, kaa umbali wa mita 10 au zaidi, uzuie wengine wasisogee, kisha uwapigie simu mafundi. Kama namba ya nguzo inasomeka kutoka hapo ulipo, wasomee.