Mjumbe wa bodi ya shule: kazi yako kikaoni, darasani na kwa wazazi

Mjumbe wa bodi ya shule akiwa peke yake hana amri juu ya mwalimu, mhasibu wala mlinzi wa geti. Mamlaka ni ya bodi, tena bodi iliyokaa kikao halali, akidi (idadi ya wajumbe inayotakiwa) ikatimia na uamuzi ukaandikwa. Wajumbe wengi wenye nia njema huharibu hapo hapo: mmoja anampigia simu mwalimu wa darasa abadilishe ratiba, mwingine anamwahidi mzazi kwamba mtoto aliyesimamishwa atarudi kesho, wa tatu anamwambia fundi aanze kazi, fedha zitafuata. Mwalimu mkuu anajikuta na wakubwa wengi, kila mmoja na agizo lake, na shule inayumba. Bodi hupanga mwelekeo, hupitisha bajeti, huhoji na hufuatilia. Kuendesha shule siku hadi siku ni kazi ya mwalimu mkuu. Nguvu ya mjumbe iko katika swali alilolifanyia kazi kabla ya kikao na ufuatiliaji anaoufanya baada yake, na karibu kila kitu kinachofuata hapa kinahusu mambo hayo mawili.

Kabla hujakaa kwenye kiti

Mwombe katibu wa bodi, ambaye katika shule nyingi ni mwalimu mkuu mwenyewe, akupatie nyaraka hizi: sheria au kanuni inayounda bodi, mpango wa maendeleo wa shule, bajeti ya mwaka, kumbukumbu za vikao vitatu vya mwisho, pamoja na ripoti za mwisho za ukaguzi wa hesabu na ukaguzi wa elimu. Omba kwa maandishi, kwa lugha ya heshima.

Anza na kumbukumbu. Andika pembeni kila azimio lililopitishwa, kisha tafuta katika kikao kilichofuata kama lilitekelezwa. Azimio linalorudi vikao vitatu mfululizo lina moja ya kasoro tatu: halikutengewa fedha, halikupewa mtu wa kulisimamia, au yupo asiyetaka lifanyike. Kila kasoro ina dawa yake, kwa hiyo ijue kwanza ni ipi kabla hujaanza kulaumu.

Makabrasha ya kikao yawafikie wajumbe angalau siku saba kabla. Kabrasha linalogawiwa mezani asubuhi ya kikao halisomwi, na bodi isiyosoma hupitisha chochote. Ikiwa shuleni kwenu ndiyo desturi, pendekeza kanuni ya kudumu: jambo ambalo karatasi yake haikufika kwa wakati linasubiri kikao kijacho, isipokuwa dharura ya kweli. Kaa macho pia na kipengele cha mengineyo. Hapo ndipo mambo makubwa hupenyezwa wakati watu wamechoka na wengine wameshaanza kuondoka. Mengineyo ni ya taarifa fupi, si ya kuidhinisha matumizi.

Andaa maswali matatu, yasizidi. Swali zito mpelekee mwenyekiti au mwalimu mkuu siku mbili kabla, ili aje na takwimu mkononi. Mtu aliyeshtukizwa mbele ya wenzake hujitetea, na ninyi mlikuwa mnatafuta jibu.

Wastani unavyoficha watoto

Ripoti ya taaluma inayoletwa kwenye bodi kwa kawaida ni wastani wa kila darasa na kama umepanda au umeshuka. Usiridhike nao. Chukua darasa la wanafunzi 40 lenye wastani wa alama 50; jumla ya alama zao ni 2,000. Watano waliokuwa wakipata 20 kila mmoja wakiacha shule, zinabaki alama 1,900 kwa wanafunzi 35, na wastani unakuwa 54.3. Hakuna mtoto hata mmoja aliyejifunza zaidi, watano wamepotea, na ripoti inasema darasa limepanda. Shule inaweza kupongezwa kwa hilo.

Kwa hiyo omba mgawanyo: wangapi wako chini ya alama ya kufaulu, katika somo gani, wasichana wangapi, wavulana wangapi. Kisha uliza kuhusu watoto wale wale: waliokuwa chini muhula uliopita wako wapi sasa? Usiombe majina. Idadi inatosha kwa kazi ya bodi, na majina ya watoto hayapaswi kuzunguka kwenye makabrasha.

Mahudhurio yana mtego kama huo. Shule ikisema mahudhurio ya darasa ni asilimia 92, inasikika vizuri. Piga hesabu: wanafunzi 40 kwa siku 20 za masomo ni mahudhurio 800, na asilimia 92 ni 736, yaani siku 64 zimekosekana. Zikiwa zimetawanyika kwa darasa zima, ni mafua na safari za kawaida. Zikiwa za watoto wanane, kila mmoja amekosa siku 8 kati ya 20, na hao wako njiani kuacha shule. Kipimo kinachotumika sana ni asilimia 10: mtoto aliyekosa sehemu ya kumi ya siku za masomo, kwa sababu yoyote ile, ahesabiwe kuwa hatarini. Kwa mwaka wa siku 190 ni siku 19, lakini usingoje zifike. Omba idadi ya watoto hao kila mwezi, pamoja na maelezo ya hatua iliyochukuliwa: nani alizungumza na mzazi, na kikwazo kilikuwa nini. Umbali, maradhi, karo, kazi za nyumbani na kuonewa na wenzake ni vikwazo vitano tofauti, na barua moja ya onyo kwa wazazi wote haitatui hata kimoja.

Fedha

Huhitaji kuwa mhasibu. Omba taarifa ya robo mwaka yenye safu tatu kwa kila kifungu cha bajeti: kilichopangwa, kilichotumika hadi sasa, na salio. Katikati ya mwaka usitegemee kila kifungu kiwe kimefika nusu, maana gharama za mitihani au ukarabati huja kwa msimu. Kinachostahili swali ni kifungu cha vitabu kilichotumika asilimia 5 wakati cha posho na safari kimefika 80.

Taarifa hiyo iambatane na usuluhishi wa benki, yaani ulinganisho wa daftari la fedha la shule na taarifa ya akaunti iliyotolewa na benki yenyewe. Bila huo, salio mnaloonyeshwa ni maneno tu. Salio likitofautiana, sababu ziorodheshwe moja moja, kwa mfano hundi ambazo hazijawasilishwa, na zipungue mwezi unaofuata. Tofauti ile ile ikikaa miezi mitatu bila maelezo, omba mkaguzi.

Kwenye manunuzi, fuata mnyororo wa karatasi: ombi la idara, nukuu tatu za bei, idhini, hati ya kupokea vifaa, ankara, malipo, halafu leja ya stoo. Chagua manunuzi mawili kila robo mwaka na uombe kuona mnyororo mzima, kwa utaratibu uliopitishwa na bodi ili pasiwe na hisia kwamba unamwinda mtu. Dalili mbaya zinafahamika. Nukuu tatu za maduka tofauti zina makosa yale yale ya tahajia. Ununuzi mmoja umekatwa vipande vinne ili kila kipande kiwe chini ya kiwango kinachohitaji zabuni. Tarehe ya malipo inatangulia tarehe ya kupokea mzigo.

Ujenzi huumiza shule nyingi. Mlipeni mkandarasi kwa hatua zilizokaguliwa na mtaalamu wa majengo, si kwa neno la mjumbe aliyepita akaona ukuta umesimama. Zuieni asilimia 5 hadi 10 ya malipo mpaka kipindi cha matazamio, yaani muda wa kungoja kasoro za jengo zijitokeze, kiishe, kwa sababu paa huvuja mvua zinapoanza, na fundi aliyekwisha kulipwa yote hana sababu ya kurudi.

Azimio lenye miguu

“Bodi ilikubaliana kuboresha vyoo.” Sentensi hiyo haimfungi mtu yeyote. Azimio liseme nani, nini, lini na fedha zinatoka wapi: “Mwalimu mkuu atakarabati matundu manne ya choo cha wasichana, pamoja na komeo na maji, kabla ya kufungua muhula wa pili, kwa fedha za kifungu cha matengenezo, kamati ya miundombinu itatoa taarifa kikao kijacho.” Kabla mwenyekiti hajapita kwenye ajenda nyingine, omba katibu asome alichoandika. Sekunde thelathini hizo huokoa ugomvi wa kikao kizima baadaye. Kikao kijacho, kwenye yatokanayo na kikao kilichopita, uliza habari ya azimio hilo kwa tarehe yake.

Ukishindwa kwenye kura, omba pingamizi lako liandikwe kama unaona ni jambo zito, kisha utetee utaratibu huko nje. Mjumbe anayetoka kikaoni na kuwasimulia watu nani alisema nini, kesho hataambiwa kitu.

Ziara ya shule

Panga siku na mwalimu mkuu, nenda na mjumbe mwenzako, na mtaje mapema mtaangalia nini. Hamwendi kukagua ufundishaji. Hiyo ni kazi ya wataalamu. Nendeni kulinganisha karatasi za bodi na hali halisi. Vitabu vilivyonunuliwa viko mikononi mwa wanafunzi au bado vimefungwa stoo kwa kuogopa visichakae? Hesabuni darasani, nakala kwa wanafunzi. Daftari la kuazima vitabu la maktaba lina tarehe za wiki hii?

Ingieni vyooni wakati watoto wako madarasani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 kwa shule zenye uwezo mdogo unataka tundu moja kwa kila wasichana 25, na kwa wavulana tundu moja pamoja na sehemu moja ya haja ndogo kwa kila 50. Shule yenye wasichana 260 na wavulana 220 inahitaji matundu 11 kwa wasichana na 5 kwa wavulana, na hesabuni yale yanayofanya kazi tu. Mlango usio na komeo, au choo kisicho na maji wala pa kutupa taulo za kike, wasichana hawakitumii. Wengine hubaki nyumbani siku za hedhi, na hapo mnapata sehemu ya jibu la yale mahudhurio. Kwa maji, mwongozo huo huo unataka lita 5 kwa mtu kwa siku katika shule ya kutwa na lita 20 kwa anayelala bweni, mbali na maji ya kusukuma vyoo. Wanafunzi 480 na watumishi 18 wanahitaji lita 2,490 kwa siku, kwa hiyo tangi la lita 10,000 linawatosha siku nne. Likikauka siku ya pili, tafuteni linapovuja.

Msikae faragha na mtoto, msipige picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi, na mkimaliza mpeni mwalimu mkuu mliyoyaona kabla ya kuyapeleka kikaoni.

Mzazi anapokusimamisha njiani

Msikilize hadi mwisho, usiahidi kitu, usitoe hukumu. Mwelekeze ngazi: mwalimu wa darasa, kisha mwalimu mkuu, kisha bodi kwa maandishi. Sababu ni kwamba kesi ya nidhamu inaweza kufika mbele ya bodi kama rufaa, na mjumbe aliyekwisha kusema “mtoto ameonewa” hawezi tena kukaa kuisikiliza. Baada ya wiki mbili muulize mzazi kama alijibiwa. Hilo ni haki yako, na ndiyo njia ya kujua kama ngazi zinafanya kazi.

Kuna hali moja ambayo ngazi hizi hazisubiriwi. Ukiambiwa mtoto anapigwa vibaya au anafanyiwa ukatili wa kijinsia, usichunguze, usimhoji mtoto, usimkutanishe na mtuhumiwa, usikubali “kuyamaliza kifamilia”. Andika ulichoambiwa kwa maneno yale yale, pamoja na saa na tarehe, kisha uripoti siku hiyo hiyo kwa mamlaka ya ulinzi wa mtoto au polisi kwa mujibu wa sheria. Mahojiano ya watu wasio na mafunzo huharibu ushahidi na humwumiza mtoto mara ya pili.

Kuleta msaada bila kuzua mzigo

Kabla ya kumtafuta mfadhili, shule iseme inahitaji nini, na bodi ikubali. Kila msaada uulizwe: baada ya mwaka mmoja nani analipia? Kompyuta 20 zinataka umeme, ulinzi, matengenezo na mwalimu mwenye vipindi vya kuzitumia. Ikiwa hivyo havipo kwenye bajeti, ombeni kitu kingine au ombeni vyote pamoja. Kila kinachopokelewa kiandikwe kwenye rejista ya mali siku hiyo hiyo, na fedha ziingie akaunti ya shule, kamwe zisipite kwenye simu ya mjumbe.

Ufadhili wa karo uwe na vigezo vilivyoandikwa na kutangazwa kabla ya maombi, kamati ya watu watatu au zaidi, na malipo yanayokwenda shuleni moja kwa moja. Msiwasomee majina watoto hao paredi wala kuwapiga picha na hundi. Wapo wanaoacha kuomba kwa aibu, na mara nyingi ndio wahitaji zaidi. Lipeni kwa mwaka mzima wa masomo mkiweza, kwani mtoto anayelipiwa muhula mmoja hurudishwa nyumbani muhula unaofuata. Na mwombaji akiwa ndugu yako, au muuzaji akiwa mshirika wako wa biashara, litamke hilo mwanzoni mwa ajenda, toka nje ya chumba, na hakikisha kumbukumbu zinaonyesha saa uliyotoka na saa uliyorudi.