Namna ya Kung'arisha Vipuri vya Aluminiamu na Zinki kwa Pipa Linalozunguka

Kipuri cha aluminiamu au zinki kinapotoka kwenye kalibu ya chuma, yaani umbo ambamo metali iliyoyeyushwa humiminwa, huwa na ndimi nyembamba pembeni, pale ambapo nusu mbili za kalibu hukutana, na uso wake huwa mkavu usio na mng'ao. Fundi wa Nyakato au Igogo hapa Mwanza mwenye vipuri 200 vya namna hiyo akivisugua kimoja kimoja kwa msasa atapoteza siku kadhaa, na bado havitafanana.

Njia ninayoipendekeza ni pipa linalozungushwa kwa mota, lililoinamishwa na kuachwa wazi mdomoni kama mashine ya kuchanganyia zege, huku ndani likiwa limevalishwa mpira wa tairi ili vipuri visigonge chuma. Uwazi huo una sababu kubwa: unga laini wa aluminiamu hufanyiana kazi na maji na kutoa gesi ya haidrojeni, ambayo ikifungiwa inaweza kulipuka.

Weka sehemu tatu za mawe ya kusugulia kwa sehemu moja ya vipuri, usivuke nusu ya pipa, kisha ongeza maji na sabuni kidogo isiyo kali. Magadi makali na sabuni za kuondolea grisi zenye alkali visitumike kamwe, kwa kuwa alkali hula aluminiamu na zinki. Mawe bora ni ya kauri yaliyotengenezwa kwa kazi hii; lakini Mwanza hatukosi granaiti, na kokoto zake ndogo hufaa kwa kukwangua, mradi zitangulie kuzungushwa peke yake katika maji hadi ncha zote zipotee. Kabla ya kuanza, pitisha jiwe kwenye kila tundu la kipuri: liwe kubwa lisiloweza kuingia, au dogo linalopita bila kukwama.

Kwa pipa lenye kipenyo cha sentimita 50, mizunguko 25 hadi 30 kwa dakika inatosha. Kinachosugua ni mawe kuteleza juu ya vipuri. Ukiongeza mwendo, mzigo huanza kuanguka badala ya kuteleza, na vipuri hujaa vishimo vya kugongana. Anza na saa sita, kisha toa kipuri kimoja ukikague kila baada ya saa mbili. Ndimi zikiisha, simamisha hatua hii, kwa sababu metali ya kipuri kilichotoka kwenye kalibu huwa ngumu na iliyoshikana karibu na uso tu, na chini yake mara nyingi kuna matundu ya hewa ambayo yakifunuliwa hayazibiki kwa kung'arisha. Umeme ukikatika katikati ya kazi, toa vipuri na uvisuuze mara moja, maana vikilala kwenye maji machafu hupata madoa meusi.

Mng'ao wenyewe huja katika hatua ya pili, ambayo ni kavu: vipuri vilivyooshwa na kukaushwa kabisa huzungushwa katika magunzi ya mahindi yaliyosagwa chengachenga, yaliyochanganywa na nta kidogo ya kung'arishia, kwa saa nne au zaidi.

Maji ya hatua ya kwanza yasimwagwe mtaroni, kwa kuwa mitaro yetu huishia ziwani. Yaache kwenye ndoo iliyo wazi hadi tope lituame, chota maji ya juu uyatumie tena, na tope lenyewe ulihifadhi likiwa na unyevu, mbali na moto.