Harufu ya petroli ndani ya Volkswagen Beetle ya zamani

Kabla hujafungua chochote, angalia harufu inakuja saa ngapi. Ikitokea ukishajaza tangi na kukata kona, tatizo liko mbele, kwenye tangi: gasketi ya boya la geji ya petroli juu ya tangi, mpira wa shingo ya kujazia, au kampira kembamba ka kupumulia. Ikija ukishazima injini ya moto, nenda nyuma, kwenye injini.

Chomoa waya hasi wa betri (iko chini ya kiti cha nyuma), sogea mbali na moto, kisha pitisha karatasi nyeupe ya tishu kwenye kila kiungio. Petroli hukauka upesi, lakini tishu hubaki na unyevu na harufu.

Mipira iliyofumwa kwa uzi ndiyo mshukiwa wa kwanza. Nje inaonekana mizima, kumbe chini ya uzi imepasuka. Badilisha yote pamoja, ukiwemo ule wa chini ya tangi ambao wengi huusahau. Chukua ya milimita 5 kwa ndani, yenye alama ya SAE J30 R9 (kiwango cha mipira ya petroli), kwa sababu ethanoli iliyochanganywa kwenye petroli hula mpira wa kawaida.

Kwenye kabureta, tikisa taratibu kibomba cha shaba kinachoingiza petroli. Kikicheza, usiwashe gari: kikichomoka petroli inamwagikia injini.

Mwisho nusa kijiti cha oili. Kikinuka petroli, shuku kiwambo (utando wa ndani) cha pampu ya petroli kimechanika. Itengeneze, umwage oili utie mpya, ndipo uwashe.