Kuosha pua kwa maji ya chumvi bila kuungua wala kupaliwa

Kazini kwangu huwaelekeza wagonjwa wa sainasi (uvimbe wa vishimo vya mifupa vilivyo kuzunguka pua) namna ya kuosha pua. Wanaorudi wakilalamika kwamba "inachoma" au "maji yameingia masikioni" karibu wote wamekosea maji, chumvi au mkao wa kichwa.

Hatua ya 1: Maji

Hapa sina mzaha. Usipandishe puani maji ya bombani yasiyochemshwa, hata kama ndiyo unayokunywa kila siku. Yanaweza kuwa na amiba (kijidudu kisichoonekana kwa macho) aitwaye Naegleria fowleri. Ukimmeza hakudhuru, ila akiingia puani hufuata neva ya kunusia mpaka kwenye ubongo, na wanaopona ni wachache mno. Ni ugonjwa wa nadra sana, lakini kinga yake ni sufuria na moto tu. Acha maji yatokote kwelikweli kwa dakika 1. Ukiishi zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, yaache dakika 3, kwa kuwa huko maji hutokota kabla ya kufikia nyuzi 100. Yafunike yapoe hadi yawe vuguvugu. Yajaribu kwa tone kwenye kifundo cha mkono: usisikie moto wala baridi.

Hatua ya 2: Chumvi

Kwa nusu lita ya maji, tia robo tatu ya kijiko cha chai cha chumvi laini, yaani gramu 4.5 hivi. Hapo utapata asilimia 0.9, inayokaribiana na chumvi ya mwilini. Wengi hushangaa nikiwaambia kwamba maji matupu huchoma kuliko maji ya chumvi: yasipokuwa na chumvi hupenya kwenye seli za utando wa pua na kuzivimbisha. Chagua chumvi isiyotiwa madini joto, kwani iodini huweza kuwasha pua. Koroga hadi iyeyuke yote.

Hatua ya 3: Kifaa

Chupa laini ya kubinya, kibirika chenye mdomo mwembamba, au bomba la sindano la mililita 20 lililotolewa sindano. Mimi napenda chupa, maana unaongoza mwenyewe nguvu ya maji. Nawa mikono kabla ya kukishika.

Hatua ya 4: Kumimina

Inama juu ya sinki kama anayenawa uso, kisha geuza kichwa upande ili tundu moja la pua liwe juu ya jingine. Usiinue kidevu, ukikiinua maji yatateremka kooni. Fungua mdomo, upumulie huko. Weka mdomo wa chupa kwenye tundu la juu na ubinye polepole. Maji yatatokea tundu la chini. Yakija mdomoni, yateme tu. Usimeze mate wakati huo, kwa sababu kumeza hufungua mirija inayoelekea masikioni. Tumia nusu ya maji, kisha geukia upande wa pili.

Hatua ya 5: Kupenga

Penga taratibu, matundu yote mawili yakiwa wazi. Ukibana moja na kupenga kwa nguvu, unasukumia uchafu masikioni. Baki umeinama kidogo, maji yaliyojificha yatoke. Mengine hudondoka hata baada ya nusu saa, kwa hiyo usioshe pua ukielekea kitandani. Kama unatumia dawa ya kupulizia puani, ipulize baada ya hapo.

Hatua ya 6: Kifaa tena

Kioshe, kisuuze kwa maji yaliyochemshwa, kiache kikauke wazi. Kila mtu na chake.

Mara moja au mbili kwa siku yatosha wakati pua imeziba. Usioshe ikiwa sikio linauma, pua imeziba kabisa kiasi kwamba maji hayapiti, au umefanyiwa upasuaji wa pua na daktari hajakuruhusu. Ukiona uvimbe kuzunguka jicho, macho kuona ukungu, au homa kali pamoja na shingo kukakamaa, achana na chupa, nenda hospitali siku hiyohiyo.